Barua Niliyoichapa Jumatatu

Mjukuu wangu Achieng,

Barua yako imenifikia salama hapa Musoma. Babu yako anakusalimu. Miguu inamsumbua, lakini redio bado hampi mtu. Umeniuliza kama chama chenu cha wafanyakazi kikubali mtu wa nje asikilize rufaa za wanachama.

Miaka ya tisini nilikuwa katibu wa tawi letu katika kiwanda cha sukari, upande wa Migori. Atieno, mpimaji wa miwa, alimlaumu mwenyekiti wetu hadharani kwa kupuuza malalamiko yake. Kamati ikamfukuza. Bila chama, hakuna ambaye angemtetea mbele ya meneja. Akakata rufaa, na makao makuu yakamwomba mwalimu mstaafu wa Rangwe, asiye wa chama wala wa kiwanda, aisikilize.

Siku ya rufaa, ukumbini mbele ya wanachama, Mwalimu alinigeukia mimi kwanza. "Mama Katibu, kamati ilimsikiliza Atieno siku gani?"

"Jumanne, Mwalimu."

"Na barua hii ya kumfukuza uliichapa lini?"

Tarehe ilikuwa juu ya karatasi. "Jumatatu."

"Kumbe Katibu ni nabii!" Atieno akasema, na ukumbi mzima ukacheka.

Alirudishiwa uanachama. Mimi sikuwa na chuki naye, Achieng. Mwenyekiti aliniambia niichape mapema, nikaona tunaokoa muda. Kamati nzima iliisoma, na hakuna aliyeitazama tarehe.

Msalimie mama yako. Huyo mtu wa nje akija, mwekeeni kiti karibu na katibu.

Nyanya yako