Nilitia Glukosi Kwenye Maji ya Mgomo wa Binti Yangu

Mpendwa Shangazi Nyaboke, naomba msaada wako na naomba uje upesi, maana Jumamosi inakuja mbio, na nakuandikia huku nacheka na huku nimejishika kichwa, sijui kipi kianze.

Mimi ni mzaliwa wa Dar es Salaam, Kisutu, huu mwaka wa ishirini na mbili niko huku ughaibuni, hapa Flemingdon Park, na mume wangu Fidahussein, tuna binti mmoja tu, Naqiya, ana miaka ishirini na minne, anasoma shahada ya uzamili, na utafiti wake, usicheke, si wa Wahindi wala wa Waswahili, ni wa Wachikano. Wachikano ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na mwaka 1968 watoto wao wa sekondari kule Los Angeles walitoka madarasani kwa maelfu, wakaingia barabarani wakidai walimu wanaowaheshimu, historia yao ifundishwe, na waache kuadhibiwa kwa kusema Kihispania shuleni, kisha wenzao wa vyuo vikuu wakadai idara zao wenyewe za masomo ya Kichikano, wakawabana wakubwa mpaka zikaanza kufunguliwa. Haya yote nayajua kwa sababu Naqiya husoma kwa sauti mezani jikoni kwangu nami nakaanga huku nasikiliza, na siku aliposoma habari ya kuadhibiwa kwa ajili ya lugha niliunguza vitunguu, Shangazi, maana na mimi shuleni nilivalishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili, halafu tulipofika huku mwalimu wa chekechea akaniambia niongee Kiingereza nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, ni kwa faida yake, nikatii kama mjinga, ndiyo maana Naqiya anaelewa Kiswahili chote hadi matusi lakini hujibu kwa Kiingereza.

Sasa. Mwezi uliopita chuo kikatangaza kulifuta somo hilo la Wachikano, lenyewe moja tu, eti wanafunzi wachache. Weee! Naqiya na wenzake sita wakakaa chini ukumbini nje ya ofisi ya mkuu wa kitivo, wakaapa mbele ya watu kwamba hawali kitu, maji matupu tu, mpaka somo lirudi. Nilijivunia nusura nipasuke, nikampigia simu dada yangu Sughra aliye Richmond Hill, nikampigia kila ninayemjua, kisha nikaweka simu chini nikalia, kwa sababu mtoto wangu hali. Na sisi unatujua, hata fundi wa lifti haondoki kwangu bila sambusa mbili na ya njiani.

Hapa ndipo lilipo kosa langu. Toka Naqiya yuko darasa la kwanza, kila siku ya mtihani nampa maji ya dua, yaani maji niliyoyasomea Yasini, na kwa kuwa alikuwa hataki kula asubuhi nilikuwa natia glukosi kidogo, mtoto akaamini kwamba dua ndiyo inayoyafanya maji yawe matamu, akakua nayo imani hiyo mpaka chuo kikuu, na mimi mwaka baada ya mwaka sikumwambia, maana ilinifurahisha. Basi siku ya pili ya mgomo akanipigia, akaomba maji yake ya dua. Nikasoma Yasini yangu vizuri, sikuruka hata aya, kisha mkono wenyewe ukaenda kabatini. Vijiko sita kila chupa, chumvi kidogo, na ndimu kwa mbali. Nikapanda basi na zile chupa kubwa za chai nne, nikabadilisha basi Eglinton, nikafika.

Shangazi, walikunywa wote! Kijana mmoja wa Meru, Mugambi, mtu wa kanisa hasa, akaniuliza, "Mama, mbona haya maji ni matamu?" Nikamwambia, "Dua hiyo, mwanangu." Akafumba macho akasema amina. Nilipeleka kila siku mpaka mwisho. Watu wengine wakigoma kula hulala chini kama nguo zilizofuliwa, hawa wangu wanaimba kwa Kihispania, wanapiga makofi, Mugambi anacheza, na gazeti la chuo likaandika kwamba halijapata kuona njaa yenye nguvu namna ile. Siku ya tano mkuu wa kitivo akatoka, akasema somo linabaki. Kelele hizo! Naqiya akashika kipaza sauti, akawashukuru watu kwa Kiingereza, halafu akanitafuta kwa macho, na mbele ya watu mia tatu akasema kwa Kiswahili, "Mama, nashukuru kwa maji yako. Maji yako ilituweka." Kimepinda, najua, lakini hajawahi kuniambia neno la Kiswahili mbele za watu maisha yake yote, nikalia, nikacheka, mpaka Fidahussein akanishika nisianguke.

Sasa Jumamosi anakuja mgeni kutoka Los Angeles, Bi Ofelia Arredondo, alikuwa na miaka kumi na sita alipotoka darasani mwaka ule wa 1968, Naqiya amemhoji kwa simu mwaka mzima na anampenda kama bibi yake mzaa mama, na wanafunzi wanataka nisimame mbele yake nieleze jinsi nilivyoyaombea yale maji. Bango limeshachapishwa, lina picha ya chupa yangu! Nikisema kweli, mgomo wa mwanangu unageuka kichekesho na pengine somo linafutwa tena, na yeye sijui kama ataniamini tena. Nikinyamaza, namdanganya bibi wa watu aliyewakabili polisi akiwa msichana, na lile "nashukuru" la mwanangu nalila kwa wizi. Fidahussein anasema rahisi tu, Jumamosi niugue. Niugue, Shangazi?

Mama Maji, Flemingdon Park

*

Mama Maji,

Usiugue. Na Fidahussein mwambie akae pembeni.

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuniuliza kama niko mzima. Nimemaliza kucheka, sasa kaa vizuri. Mimi nilikuwa muuguzi miaka ishirini na sita kabla ya kupewa safu hii. Uliwanywesha watu saba kitu wasichokijua, siku baada ya siku. Uliuliza nani ana kisukari? Hukuuliza. Angekuwepo mmoja, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa, na hakuna ambaye angekuwa anacheka. Usiniambie glukosi ni kidogo tu, vijiko sita ni vijiko sita. Halafu wametoa ahadi kwa midomo yao wenyewe, wewe ukaivunja kwa niaba yao, na ulipoulizwa ukamsingizia Mungu. Yasini haina ladha ya ndimu, mama.

Haya, pole. Nakuelewa kuliko unavyodhani. Binti yangu Melissa alipokwenda kambi ya shule, barua ikasema wazi chakula kisiletwe, nami nikamfichia chapati sita ndani ya mfuko wa kulalia. Rakuni, wale wanyama wa huku wanaoiba vyakula usiku, walizifuata hadi hemani, wakararua hema. Mpaka leo aibu hiyo hainiachi.

Lakini nisikilize. Wale Wachikano unaowasikiliza huku unakaanga, walichokataa ni kuamuliwa mambo yao na watu waliosema ni kwa faida yenu. Yule mwalimu wa chekechea naye alikuambia ni kwa faida ya mtoto. Wewe unajua kinavyouma, umekibeba miaka ishirini na mbili, kisha ukaenda ukamfanyia mwanao hicho hicho kwa chupa nne za chai. Hilo ndilo la kulia, si bango.

Unaogopa somo litafutwa. Umeniambia mwenyewe kulikuwa na watu mia tatu pale ukumbini. Mia tatu hao hawakunywa hata tone la maji yako, na nina hakika mkuu wa kitivo aliwahesabu. Hata hivyo, huenda pakazuka maneno. Kama yatazuka, wa kuamua la kufanya ni Naqiya na wenzake sita, na hawawezi kuamua jambo wasilolijua.

Basi, umwambie kabla ya Ijumaa. Mkae kwenye meza ile ile ya jikoni, jiko limezimwa, na hakuna sahani mezani, nimesema hakuna, hata korosho. Anza toka darasa la kwanza, asubuhi ya mtihani wa kwanza, na usiruke kitu, kama ulivyosoma Yasini. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, usimwendee na chai. Akishakubali, uwapigie simu wale sita, mmoja mmoja, uombe radhi na umuulize kila mtu hali ya afya yake. Mugambi uanze naye. Wakisema simama Jumamosi, simama umweleze Bi Ofelia kama ilivyokuwa, glukosi na ndimu na yote. Ameishi miaka mingi na ameona mama wengi, hataanguka. Wakisema usisimame, kaa nyuma upige makofi.

Na neno la mwisho, hili ndilo kubwa. Usimwambie kwa Kiingereza. Aliyekushukuru kwa Kiswahili mbele ya watu mia tatu anastahili kuambiwa ukweli kwa Kiswahili. Akikujibu kwa Kiingereza, vumilia. Akianza kukugombeza kwa Kiswahili, hata kikipinda namna gani, usimsahihishe neno hata moja.

Shangazi Nyaboke