Kumbe Ulikuwa Unaniombea Msamaha

Mama Terry,

Ni saa ya lunch. Wenzangu wameenda kula pamoja pale kwa kibanda cha chapati, mimi nimebaki na cherehani. Nakuandikia kwa hii karatasi ya khaki tunayochorea vipimo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Miezi minane sasa tangu tukuzike. Terry yuko ushago, kule kijijini kwa nyanya yake. Wiki jana alinipigia kuniambia amekuwa wa tatu darasani, nikamuuliza kwa nini hakuwa wa kwanza. Akasema ameitwa nje. Unaona? Bado ni mimi yule.

Wewe ulinijua. Kwa hii karakana ya uniform hapa stage ya 56, mafundi tisa, ni wewe pekee uliyekubali kukaa karibu na mimi. Wengine wote niliwaona wazembe. Mshono ukipinda kidogo tu napiga picha, nachora duara jekundu, natupa kwa grupu la kazi kila mtu aone. Kabla sijaweka simu chini, ujumbe wako umeingia kando, nje ya grupu, na viwiko vyetu karibu vinagusana: "Nekesa, futa hiyo picha. Ukishafuta ndio tuongee." Nilikuwa nafuta nikinung'unika. Nilidhani hapo yamekwisha.

Ulipoenda, Mzee Karanja alimhamisha Mama Faith akampa cherehani yako, kwa sababu iko dirishani na macho ya huyo mama si mazuri. Mama Faith, yule mpole, unamkumbuka, aliyekuwa akishona vifungo kule nyuma. Hakuna aliyeniuliza. Asubuhi moja nafika, nakuta ametandika leso yake kwa kiti chako.

Siku hiyo nilikaa nikashona tu. Nilisema wiki ya pili. Alishona kola ya shati ndani nje, nikapiga picha nikaandika kwa grupu: "Nani ameshona hii? Kama umechoka na kazi kaa nyumbani, wako wengi wanaitafuta." Na nilijua ni nani. Alikuwa kando yangu, nikasikia simu yake ikilia mfukoni. Akasoma. Akakunja leso yake polepole, akachukua mkoba, akaondoka. Nilingoja ujumbe wako uingie. Hata nilishika simu.

Baada ya hapo grupu likawa kimya. Nilifikiri wamejifunza. Nikaendelea kutuma picha zangu, hakuna anayejibu, nikaona hiyo ndiyo heshima.

Halafu Alhamisi moja nikafika kazini nikakuta Mzee Karanja peke yake.

"Kwani hukuenda kuona mtoto?" akaniuliza.

"Mtoto gani?"

"Wa Mama Faith. Si walitangaza kwa grupu?"

Nikamwonyesha simu yangu, hakuna tangazo. Aliangalia kwa muda, akaanza kutafuta makasi ambayo yalikuwa mkononi mwake. Hapo ndipo nikaelewa kuna grupu lingine. Jioni yake walitoka kwa lile la zamani, mmoja baada ya mwingine, nikawa natazama majina yakiondoka. Tumebaki wawili, Mama Terry. Mimi na namba yako.

Kwa hivyo Mama Faith alikuwa na mimba, na vidole vilikuwa vimevimba hata hajui sindano anaishikaje. Wote walijua kwa sababu walimuuliza. Mimi nilikaa kando yake wiki mbili nikiangalia kola.

Jumamosi nilienda kwake, kule Kibera, karibu na stage ya Olympic. Nilibeba sukari, unga wa uji na sabuni ya kipande. Alifungua mlango akiwa na mtoto begani, akaniangalia hadi nikaona aibu ya kubeba ule mfuko wa vitu.

"Umekuja kupiga picha?"

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Wewe huombagi," akasema. "Mama Terry ndiye alikuwa anakuombea."

Akaniambia yote pale mlangoni. Kwamba kila nilipomtukana mtu, ulikuwa unamfuata baadaye, kule bombani au kwa stage, na kumwambia, "Mvumilie Nekesa. Hana mtu." Miaka sita. Na mimi nikidhani watu wananinyamazia kwa sababu niko sahihi.

Nilikukasirikia, rafiki yangu. Wacha nikuambie ukweli. Nilisimama pale nikakukasirikia kuliko siku ile ulipokufa. Ungeniambia. Hata mara moja tu.

Mama Faith akasogea nikapita. Kulikuwa na beseni la nguo za mtoto zimelowekwa, nikakaa nikafua. Hatukuongea sana. Nilipomaliza kuanika nikamwambia ukweli mwingine, kwamba kola haikuwa shida, shida ni kile kiti. Akasema, "Hata mimi nilikuwa naogopa kukikalia." Hakusema amenisamehe. Alinipa mtoto nimshike wakati anapika chai, na chai nilikunywa.

Kazini bado hawajaniongeza kwa grupu lao, na sijaomba. Jana nilimfokea Otieno wa pasi mbele ya watu kwa sababu alichoma mfuko wa shati. Nikarudi kukaa. Nikashona laini moja, na moyo haukutulia, kwa sababu nilijua hakuna mtu anayeinuka kumfuata. Nikainuka mwenyewe. "Otieno, nimekuongelesha vibaya. Pole." Akasema, "Sawa," bila kuinua macho, akaendelea na pasi yake. Sijui kama hiyo sawa ilikuwa sawa. Wewe ungejua.

Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Nitakuwa nikienda mwenyewe, siku hiyohiyo, hata kama nitafungiwa mlango. Usihangaike tena kwa ajili yangu. Pumzika sasa, Mama Terry, ulinibeba vya kutosha.

Nasikia wanarudi, wanacheka kule kwa ngazi. Wakifika hapa watanyamaza, huwa wananyamaza. Leo nitawasalimia mimi kwanza.

Nekesa