Gauni Nililolipia kwa Viazi

Wanjiru mjukuu wangu,

Huku Molo sisi ni wazima, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Umeniuliza nilipata wapi gauni la harusi na hatukuwa na pesa. Nilimwendea Mama Zaituni, fundi wa nguo pale Bondeni, nikamwambia nina viazi tu. Akacheka.

"Lete viazi, halafu uje unisaidie kupikia harusi ya binti yangu."

Siku ya harusi hiyo nilimenya viazi vyangu mwenyewe kutwa nzima, tukiimba na dada zake Mama Zaituni. Harusi yangu ilipofika, walikuja wote na masufuria yao, wakapikia wageni wangu pilau bila mimi kuomba. Ningelipa pesa, ningerudi na gauni peke yake.

Babu yako alikula hiyo pilau mpaka akasahau kulisifu gauni!

Nakukumbatia,
Shosho