Kontrola Moja kwa Wagonjwa Wote

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua pepe hii inakukuta mzima, na kwamba mama amepumzika tangu arudi kwako kutoka hospitalini kwetu. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio haujatulia.

Wewe kila siku unajibu maswali ya waandika programu wanaotumia kiunzi cha Java, ule msingi niliojengea mfumo wa hospitali yetu, basi nivumilie na langu. Leo muuguzi mkuu aliniita dirishani kwake. “Binti, mashine yako imeanza kuota ndoto? Nimemfungua mzee wa presha, imenipa dozi ya mama mjamzito!” Alipofungua tena, ikaonyesha sawasawa. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kisha chai ikanishinda.

Nimeujaribu ukurasa ule mara nyingi nikiwa peke yangu, na haujakosea hata mara moja. Huenda alibonyeza jina la jirani. Huenda natafuta kosa pasipo na kosa. Lakini hivi karibuni niliandika upya sehemu inayochapisha lebo za dawa. Kwa kuwa jina na dozi vilihitajika katika hatua kadhaa, niliviweka juu kabisa ya kontrola, kile kipande cha programu kinachopokea maombi ya wauguzi. Je, kuna ubaya?

Mdogo wako

Jumanne, 5 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mimi sijambo, habari za mama nitakupa mwishoni.

Swali lako huulizwa na karibu kila anayeanza, kwa hiyo usijione mjinga, lakini usilikalie. Kiunzi hakimtengenezei kila mtumiaji kontrola yake. Hutengeneza moja tu, ikawahudumia wote. Ulichofanya ni sawa na karani anayeandika dozi ya kila mgonjwa kwenye kiganja kilekile: akifika wa pili kabla wa kwanza hajasomewa, wa kwanza atasomewa ya mwenzake. Ukijaribu peke yako, wa pili hayupo, ndiyo maana huoni kitu. Viondoe pale juu. Kila ombi libebe vyake. Kisha waombe wauguzi wawili wabonyeze kwa pamoja, kabla na baada ya kurekebisha.

Sasa nami nina swali. Lebo ya dawa ya moyo ya mama inasema vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Zamani alimeza nusu kidonge. Nilidhani daktari ameongeza. Tangu arudi anatembea akishika ukuta, na akiniita sauti haitoki. Nimpe au nisimpe?

Dada yako

Jumatano, 6 Machi

Dada,

Leo sina salamu. Simu yako haipatikani, basi soma hapa: usimpe. Nimemfuata daktari wake. Amesema, “Nusu. Sijaongeza chochote.” Mpeleke zahanati sasa hivi wampime mapigo ya moyo, na uchukue kichupa chenyewe.

Wauguzi wawili walibonyeza pamoja. Mara ya kwanza hakikutokea kitu, nikaona aibu kwa kuwapotezea muda. Mara ya pili dozi zikabadilishana mbele ya macho yetu. Hakuna aliyecheka.

Nimekwisha kurekebisha. Mkuu wangu wa kazi anataka mambo yaishie hapo: “Ukitangaza, nani atatuamini tena?” Nimejaribu kuipima hoja yake kwa haki, na sehemu yangu imetamani iwe kweli. Lakini mfumo hautunzi nakala ya lebo, kwa hiyo siwezi kujua ni nani mwingine aliyepewa isiyo yake.

Niandikie hata neno moja.

Mdogo wako

Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu,

Yu hai. Mapigo yalikuwa ya chini mno. Wamemlaza, na wanasema tulimfikisha kwa bahati. Bado hawajaniambia nipumue.

Alipopata nguvu nilimweleza. Nilidhani atakulaumu. Aliuliza tu: “Mwenye dozi hii, yeye amepewa ya nani?”

Swali hilo nakuletea wewe.

Dada yako

Ijumaa, 8 Machi

Dada yangu,

Namshukuru Mungu kwa habari ya mama. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nimemwambia mkuu kwamba nitampigia kila aliyepewa dawa tangu nilipobadilisha programu. “Basi utapiga ukiwa huna kazi,” akasema. Huenda uamuzi wangu una kasoro nisizoziona. Niliwahi kuwa na uhakika na ile kontrola pia. Muuguzi mkuu amevuta kiti kando yangu. “Piga, binti. Mie nitaongea ukishindwa.”

Namba ya kwanza amepokea mwanamke. Nikamwomba nizungumze na mumewe.

“Amelala,” akasema. “Tangu asubuhi namwamsha.”

Gari la wagonjwa limekwenda. Namba ya pili iko mbele yangu, na kidole hakitaki kubonyeza.

Mdogo wako