Posa Iliyofika Kinole

Francistown, Botswana
Jumapili ya pili baada ya Pasaka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha Mjomba Apolinari kama amekaa hapo karibu, ndipo nimsalimie Prisca anayekusomea. Prisca, mdogo wangu, soma polepole na usiruke kitu, hata pale utakapoona aibu.

Mama, magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi mwalimu aliyekuja likizo, ilikufikia au imeishia mjini? Na masika yamekaaje mwaka huu? Gari linafika juu Kinole, au machungwa yanateremshwa kichwani kama zamani? Mimi huku ni mzima kabisa. Wodini kazi ni nyingi lakini naiweza, na wagonjwa wameshaizoea sauti yangu. Nchi yenyewe ni tambarare tupu, mgeni unamwona anakuja hata kabla hujatia maji ya chai jikoni. Mlima hakuna. Ila kuna neno moja huwa linanichekesha: mboga za majani wao huziita morogo. Kila nikiingia sokoni nikasikia mama anaita "morogo, morogo", moyo unaruka nikidhani anamalizia jina la kwetu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Barua yako ya mwezi wa kwanza niliipata, na najua umeshanuna kwa kukosa majibu. Sikukudharau, Mama. Mambo yaliyotokea yalitaka yafike mwisho kwanza, ndipo nikuandikie.

Uliniambia kwamba wazee watatu kutoka mjini walipanda mpaka kwa Mjomba na barua ya posa. Mposaji ni Bwana Lazaro, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, zamani alikuwa mtunza stoo kiwandani, alipopunguzwa kazi akafungua biashara mambo ya ruksa yalipoanza. Hana mke, ni mcha Mungu, ameona picha yangu, anataka ndoa ya kanisani. Chini kabisa Prisca akaandika maneno yako kama ulivyoyasema: "Mwanangu, nimezaa wasichana watatu, na sijalia machozi ya harusi hata mara moja."

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nikawahesabu wasichana wako watatu. Anjela kachukuana na mtu huko Dar, wana watoto wawili na wala hawazungumzii kanisa. Prisca, nisamehe, mwenzako aliaga anakwenda kutembeza mitumba ili apate mahari, na mpaka leo anatembeza. Na mimi, miaka thelathini na saba, nina cheti cha uuguzi, nina nyumba ya kupanga yenye umeme, na jioni nakula peke yangu.

Sitakuficha kitu. Mara ya kwanza nilikubali.

Ilikuwa hivi. Mwenye nyumba wangu anaitwa Mma Kabelo. Huku "Mma" ni kama sisi tunavyosema Mama Fulani. Umri wake ni kama wako. Ameishi na mzee mmoja tangu ujana wao, wakazaa, wakajenga, wakapata wajukuu, lakini ndoa hawakuwahi kufunga, maana mahari ya hapa ni ng'ombe na mzee hakuwa nao. Nilipofika nilishangaa. Baadaye nikaona wengi ndivyo wanavyoishi, na wanawake wengine wana nyumba zao na watoto wao na hawasubiri mtu. Basi mwaka huu wanawe Mma Kabelo, watu wazima wenye kazi migodini, wakanunua ng'ombe wakampa baba yao, naye akawapeleka ukweni kwa heshima zote. Mama, nilimwona bibi mwenye mvi amevaa gauni jeupe, anacheka kama msichana, na yule mzee anamshika mkono kama anaogopa atamponyoka. Nilicheza ngoma mpaka viatu vikanikatikia.

Nikarudi chumbani kwangu nikakaa kitandani, nikaona kimya cha chumba kile. Nikachukua kalamu, nikamwandikia Mjomba kwamba nimeridhia. Nikaibandika bahasha.

Kesho yake nikamwambia Mma Kabelo. Alikuwa anaosha masufuria ya sherehe.

Akaniuliza, "Huyo mtu mnafahamiana tangu lini?"

"Hatufahamiani. Ameniona kwenye picha."

"Wewe umemwona?"

"Hapana. Mama na Mjomba wamemwona."

Akaliweka sufuria chini. "Hata sauti yake hujaisikia? Mwanangu, sisi hata ng'ombe hatumnunui mpaka tumsikie analia."

Nikacheka, lakini lilinichoma. Kwenye nakala ya barua ya posa uliyonitumia kulikuwa na namba ya simu ya dukani. Nikaenda posta, bahasha mkononi, nikasema nitampigia kwanza, nimsikie, ndipo niitumbukize.

Ikaita mara nyingi. Ikapokelewa na mwanamke.

"Haloo, dukani."

"Haloo. Naomba kuongea na Bwana Lazaro."

"Amekwenda Dar kufuata mabati. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Bibiana. Napiga kutoka Botswana."

Nikasikia mtu dukani anauliza misumari ya inchi nne, naye akamjibu bei bila kukosea, kisha akarudi kwenye simu. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Bibiana wa Kinole?"

"Ndiye mimi. Na wewe ni nani, dada?"

"Mimi ni Mama Neema. Mama wa watoto wake. Wanne."

Nikasema, "Barua yake inasema hana mke."

"Ni kweli hana," akajibu. "Nimekaa naye miaka kumi na miwili, lakini pete sina na cheti sina. Kila mwaka ananiambia tukimaliza hili, tutafunga. Kiwanda kilipompunguza, nikachoma vitumbua asubuhi na jioni mpaka duka hili likasimama. Sasa limesimama, anasema anataka mke. Msomi, wa kukaa naye mbele kanisani."

"Wazee walipokuja kwetu, ulijua?"

"Niliwapikia chai. Nikaambiwa wanakwenda Kinole kuangalia shamba la mdalasini. Nikawafungia na maandazi ya njiani." Akapumua. "Nilijua waliporudi wanacheka."

Nilijiona mwizi, wakati hata sikujua kama kuna mtu ninamwibia. Yeye ndiye akaendelea, taratibu tu: "Dada, mimi sikugombezi. Hukujua. Ila ukija, nakuomba kitu kimoja. Wanangu usiwatese."

Hapo ndipo jibu langu lilipopatikana. Nilimwambia, "Siji, Mama Neema."

"Unasemaje?"

"Nimesema siji. Nyumba hiyo ina mwenyewe."

Alianza kulia. Kabla hajasema kitu simu ikakatika, muda wangu ulikuwa umekwisha. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za posta, nikaichana ile bahasha vipande vidogo vidogo. Sikumkasirikia Lazaro sana kama nilivyojikasirikia mwenyewe. Mwanamke mzima, ninayewauliza wagonjwa maswali ishirini kabla ya kuwapa vidonge viwili, nilitaka kumpa mtu maisha yangu bila kuuliza hata moja.

Wiki mbili zikapita. Siku moja mchana mesenja wa hospitali akaniita ofisini, kuna simu yangu kutoka Tanzania. Nikakimbia nikidhani ni msiba. Kumbe ni Lazaro mwenyewe.

"Wewe Bibiana, umemwambia nini mwanamke wangu?"

"Ndiyo kwanza nasikia unamwita wako," nikamjibu. "Kwenye barua uliandika huna."

"Usinichezee! Amefungasha, amekwenda kwao Mlali na watoto wote. Mimi nimebaki hapa na wateja, hata bei za vitu vingine sizijui, yeye ndiye alikuwa anazishika."

"Pole. Basi nenda Mlali."

"Nikafanye nini?"

"Ukafanye lile ulilowatuma wazee Kinole wakalifanye."

Akaikata. Mesenja akaniuliza kama nyumbani ni salama. Nikamwambia ni salama kabisa.

Sasa wiki hii nimepata barua kutoka Mlali. Mama Neema aliitafuta anwani yangu kwenye makaratasi ya dukani kabla hajaondoka. Anasema analima nyanya na vitunguu kwenye kiwanja cha mama yake, watoto wamepata nafasi shule ya pale, na gari la mboga linapita kila siku ya soko. Tena anasema wazee wale wale watatu wamefika kwao na posa, wamevaa makoti yale yale. Amewapokea vizuri, lakini amewaambia hana jibu la kuwapa wao. Anayemtaka aje mwenyewe, aseme mbele ya watoto kwa nini anataka kumwoa sasa na si mwaka juzi. Lazaro bado hajaja. Mwishoni ananiuliza: "Akija, nimkubali?"

Nimemjibu kwamba hilo siwezi kumjibia. Nimemwambia tu kwamba amekwishajaribu kukaa bila Lazaro na hajafa, kwa hiyo atakachosema, iwe ndiyo au hapana, atakisema akiwa amesimama kwa miguu yake.

Najua yanayosemwa kwenye jumuiya. Mabibi wanasema wasichana wa siku hizi wameharibiwa na shule na biashara, ndiyo maana ndoa hazifungwi. Mama, wewe umekaa nao kwa miaka mingi, waulize. Vijana wamefungiwa viwanda vyote mjini, watatoa mahari kwa kitu gani? Wanaona haya kwenda ukweni mikono mitupu, wanachukua msichana kimya kimya wakisema watafunga baadaye, na baadaye haifiki. Wasichana nao wameona. Mwenye kibanda chake sokoni na watoto wake wanaokula wakashiba haoni kwa nini akimbilie kuitwa mke na mtu ambaye hatamjua kesho. Sisemi kwamba ni vizuri yote. Nimeona huku watoto wasiomjua baba, nimewatibu, na najua wanachokikosa. Lakini kwa haya yote msimlaumu msichana peke yake.

Mimi sijaikataa ndoa. Nimeona ya Mma Kabelo, na Mungu akinipa kama ile, hata nikiwa na mvi, nitavaa gauni jeupe bila haya. Ila sitaolewa ili watu waache kuniuliza. Atakayenitaka aanze kwangu, tukae, tuongee, nimwulize ninayotaka kuuliza. Akishinda hapo, ndipo aje kwa Mjomba, na Mjomba atapata heshima yake yote, maana nitakuwa nimempeleka mtu na si picha.

Na usinihofie uzeeni, Mama. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba kwetu Waluguru ardhi inapita kwa mama, na mwanamke hakai Kinole kwa hisani ya mume. Mkataba wangu ukiisha mwakani narudi. Nakuomba unipimie kile kipande cha mteremko chini ya kijito, pale penye migomba ya bibi. Mwambie fundi aanze kufyatua matofali kiangazi hiki. Nyumba nataka iwe na vyumba vinne: changu, chako, cha wageni, na kimoja cha kuwaona wagonjwa, maana nimechoka kusikia akina mama wa huko juu wanazalia njiani wakibebwa kwenye machela. Siku ya kufungua mlango wa nyumba hiyo, kama machozi yapo, yatoe yote. Nitakaa pembeni yako na kanga mkononi.

Nisalimie shangazi mfuma vikapu, mwambie kikapu nilichokuja nacho bado ndicho ninachokwenda nacho sokoni. Nisalimie katekista na mkewe, na binamu zangu wote wa shamba la pilipili manga, na bibi mkunga, mwambie ajiandae kufanya kazi na mimi, asistaafu. Anjela nimemwandikia peke yake. Prisca, wewe nakukumbatia. Mtoto wako ukimpeleka darasa la kwanza niandikie tuzungumze habari za sare.

Mjomba wangu mpenzi, najua ulipokea wageni kwa nia njema, na sina kinyongo. Ile barua ya posa na kilichokuwemo ndani naomba uwarudishie wazee kwa mkono wako, mchana, watu wakiona. Wakikuuliza sababu, usiseme nimekatazwa, wala usiseme niko mbali, wala usiseme bado tunafikiria. Sema Bibiana amesema hapana, na kwamba amesema mwenyewe.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukuombea kila asubuhi kabla sijavaa sare,

Bibiana