Komeo la Juu

Dada yangu,

Sisi wazima, ila naandika haraka; nivumilie mwandiko.

Mwanao Chiriku anaipenda shule hadi Jumamosi analia. Kule watoto hawakaririshwi. Wanamimina maji, wanafunga vifungo, wanakosea na kurudia wenyewe. Mwezi huu amepewa ubao wenye makomeo, ndoano na kufuli. Mwalimu alifungua mara moja, polepole, bila kusema neno, kisha akamwachia. Ijumaa alivifungua vyote. Alirudi anarukaruka, akaburuta kigoda hadi mlangoni kwetu akanionyesha: hata komeo la juu, lile nililolipachika ili baba yake asiingie. Nami, mjinga wa mwisho, nikampigia makofi.

Jana nilikuwa naoga. Nilipotoka nikakuta mlango wazi, na kigoda pale pale.

"Mama mdogo, baba alibisha hodi! Nimefungua mwenyewe!"

"Yuko wapi?"

"Ameondoka. Alitaka aone kama naweza kufungua na droo."

Dada, ni droo ya barua zako. Hakumgusa mtoto, wala hakuchukua kitu kingine. Imekosekana bahasha moja tu, ile ya mwisho, yenye anwani yako mpya nyuma.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi. Chiriku ananiuliza mbona safari hii sikumpigia makofi.

Hama leo hii. Na mlango ukibishwa kabla hujamaliza kusoma, usifungue.

Mdogo wako