Mrija wa Miezi Mitatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo miezi mitatu imetimia. Mrija wa binti yangu ubadilishwe. Daktari aliniambia mwenyewe siku alipouingiza kupitia mdomoni: Mama, si saratani. Ni kovu la ule upasuaji wake wa kutoa vijiwe vya nyongo, limebana njia ya nyongo. Mrija utaipanua polepole, tutaubadilisha kila miezi mitatu, mwaka mzima. Ukipitiliza unaziba, na ukiziba ni homa ya kuua. Nimeyashika hayo kama sala.

Karani wa mapokezi hospitalini akamwambia mwanangu avute kope. Macho meupe. Akacheka — Mama, huyu mzima kuliko mimi, arudi akiwa njano macho.

Akiwa njano! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyu anataka kwanza auone ukuta chini. Nikamwonyesha tarehe kwenye kadi. Hakuigusa. Kwa hasira nilipitiliza hata mlango wetu.

Jumanne, 4 Machi

Kinachoniuma zaidi — binti yangu yuko upande wa karani. Eti nimepona, Mama, nakula, saluni wateja wameacha kuniuliza hali. Usinirudishe kitanda kile. Nikamwambia, kupona kwako kumeshikiliwa na kijiplastiki cha urefu wa kidole. Akanuna.

Dada yangu naye: Mtu ana miaka ishirini na sita, mwache. Ungesoma ukawa daktari wewe, tungekoma. Nilicheka kidogo. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga simu mara sita. Ya sita karani kanijua sauti. Ndiwe mama wa njano? Wameshanipa jina.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda peke yangu, nikakaa mbele ya chumba chenyewe cha mirija. Wamenihamisha benchi mara mbili, nikarudi mara mbili. Muuguzi mmoja mtu mzima akasoma kadi. Mbona hamkuja Jumatatu? Nilitaka kulia. Tulikuja, nesi, tukafukuzwa kwa sababu ya macho. Akaingia ndani, akatoka: mlete Jumatatu hii asubuhi, asile kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Joto la kuchemsha maji, mwanangu kavaa sweta. Nimempa habari ya Jumatatu, hakubisha. Huyu, anayenibishia hata mvua ikinyesha! Nikaingiwa na hofu. Vua sweta. Eti nasikia baridi kidogo tu. Nikampandisha mkono wa sweta. Mikwaruzo kutoka kiwiko mpaka kiganjani, mingine ina damu. Hata mara ya kwanza ilianza hivi, kuwashwa, macho yakafuata baadaye.

Unawashwa tangu lini? Akashusha mkono wa sweta. Tangu lini, mwanangu?

Tangu kabla hatujaenda kwa karani.

Sikumgombeza.

Sasa anatetemeka, meno yanagongana, namsikia kutoka hapa. Dada kaenda kutafuta gari. Naandika nikimsubiri. Macho yake bado meupe kama maziwa. Wakithubutu kumwangalia macho, nitawawekea mikono yake juu ya kaunta yao, na siondoki mpaka mrija ubadilishwe.